Edward Saidi Tingatinga na Somo la Kupanga Picha

Mwaka mmoja, tulipokuwa tukiwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha mjini Tunduma, tuliona picha ya mtoto wa darasa la nne imetiwa alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Mtoto alikuwa amechora malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Zambia. Malori yote saba yalikuwa na ukubwa mmoja, yamepangwa moja juu ya jingine kama matofali, na magurudumu ya pande zote mbili yakionekana. Mwanachuo alitueleza kuwa lori la mbali lapaswa kuwa dogo. Kwa kanuni aliyofundishwa alisema kweli, lakini mtoto yule hakuchora tena siku ile. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuwaeleza wanachuo maisha ya mchoraji mmoja wa nchi yetu ambaye hakuishughulikia sana kanuni hiyo, na ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, wilayani Tunduru. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma shule kwa miaka michache tu, kisha, kama vijana wengi wa kusini wakati wa utawala wa Waingereza, akaenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Katika miaka ya 1950 alihamia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani na mtunza bustani. Miaka hiyo tunaipita haraka, ingawa ilichukua sehemu kubwa ya umri wake. Alipoanza kuchora picha za kuuza, mwaka 1968, alikuwa mtu mzima wa miaka 36 hivi.

Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia hadibodi ya kujengea na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Hadibodi aliikata vipande vya mraba, kila upande kama sentimita 60; bao zima la futi 4 kwa futi 8 hutoa vipande 8 vya namna hiyo. Rangi ya baiskeli hung'aa na kuonekana kwa mbali, lakini haikubali kwa urahisi kufifishwa kidogo kidogo ili kuonyesha kivuli. Mtu mwingine angelalamika kuhusu vifaa. Tingatinga alijenga picha zake juu ya kile ambacho vifaa hivyo viliweza.

Hapa twaomba mwanachuo asimame kidogo, kwa maana hapa ndipo penye somo. Kwanza sehemu ya nyuma ilipakwa rangi moja. Juu yake alikaa mnyama, mara nyingi mmoja tu: chui, tembo, au ndege mwenye shingo ndefu. Mnyama huyo alichorwa kwa ubavu na kuujaza mraba karibu wote. Mwisho yalikuja madoa, manyoya na majani. Katika nyingi ya picha hizo hakuna kilima kinachofifia kwa mbali. Hata hivyo picha haipwayi. Mkia hujikunja ili usikatwe na ukingo. Tawi hupita kwenye pembe ambayo ingebaki tupu. Nafasi kati ya mguu na mguu nayo ina umbo lake. Mfunike mtoto pembe moja ya picha ya namna hiyo kwa kiganja, umwulize kama picha bado imesimama au imeegemea upande. Atajibu bila kufundishwa neno lolote la kitaalamu.

Picha ya malori saba tulimrudishia mwenyewe, tukamwuliza ni lori lipi alilotaka tulitazame. Alionyesha la tatu kutoka juu, lenye sufuria iliyoning'inizwa ubavuni. Siku ya pili alilichora peke yake, likajaza karatasi mpaka kwenye kingo, na sufuria ikawa kubwa kuliko gurudumu. Baadhi ya wenzetu waliona tumemdekeza. Sisi tuliona ameanza kupanga picha.

Hatusemi kwamba kuonyesha umbali kusifundishwe. Kanuni ya mistari inayokutana iliandikwa na Leon Battista Alberti wa Italia mwaka 1435, nayo ni maarifa ambayo mtoto wa Tunduma ana haki ya kuyapata, tena mji wake una zana bora kuliko chati yoyote ya ukutani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067 tangu Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mtoto akisimama kwenye kivuko cha reli, mwalimu akiwa amehakikisha usalama, ataona vyuma viwili vikikaribiana hadi vikutane kwenye nukta moja katika upeo wa macho. Achuchumae: mstari wa macho utashuka pamoja naye, na ua uliokuwa chini ya mstari huo utapanda juu yake. Baada ya hapo kanuni si amri ya mwalimu tena, bali ni jambo aliloliona.

Suala hili limepata uzito mpya tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu. Programu nyingi za kuchorea hupanga kazi kwa matabaka, la nyuma chini na madoa juu, yaani kwa utaratibu uleule wa Tingatinga. Nyingine humwekea mchoraji hata mistari ya kukutana, asihitaji rula. Lakini hakuna programu itakayojua kwamba sufuria ndiyo habari yenyewe.

Tingatinga aliuza picha zake nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni na watu wa ubalozi. Wakaja kujifunza kwake ndugu na jamaa, miongoni mwao Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Ajaba Abdallah. Hapakuwa na darasa wala mtihani. Mwanafunzi aliketi karibu na fundi, akafuata mkono wake. Njia hiyo ina hatari ya kuzaa nakala, na soko la watalii limezaa nakala nyingi mno, lakini wanafunzi wale kila mmoja alikuwa na mkono wake.

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendelea palepale Oysterbay, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaandikisha chama cha ushirika. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kuona katika televisheni mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi kwa kompyuta: tembo na chui wale wale wa ubavuni, wenye madoa, sasa wakitembea.