Mwalimu Enoch Sontonga: Mwalimu wa Kwaya Aliyeiombea Afrika

Wapendwa waumini na waimbaji wenzetu, katika jubilii hii tumewataja waanzilishi wa kwaya yetu na walimu waliotufundisha. Tumeona vyema pia kutenga ukurasa mmoja kwa mwalimu wa kwaya ambaye wimbo wake tumeusikia mara nyingi, ila jina lake wengi wetu hatulijui. Kila timu ya Tanzania inapoingia uwanjani na wimbo wa taifa wa jirani zetu ukapigwa, tunaisikia kazi ya mikono yake.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa yapata mwaka wa 1873 huko Uitenhage, Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini. Alikuwa wa jamii ya Waxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, shule ya wamisionari iliyowatoa Waafrika wengi wasomi wa siku zile. Baadaye akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kanisa la Methodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg.

Johannesburg ya wakati huo ulikuwa mji mchanga. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka wa 1886, na maelfu ya wanaume walikuwa wameacha wake na watoto vijijini ili kwenda kuchimba mashimoni. Kazi ilikuwa ngumu, malipo yalikuwa haba, na Mwafrika hakuwa na sauti katika nchi yake mwenyewe. Watoto wa watu hao ndio Mwalimu Sontonga aliofundisha kusoma, kuhesabu na kuimba.

Hakuwa mtu wa kazi moja. Siku za juma alikuwa darasani. Kanisani alihubiri ingawa hakuwa kasisi. Alipiga picha pia. Nyumbani alikuwa mume wa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, na Mungu akawajalia mtoto wa kiume. Juu ya hayo yote aliongoza kwaya, na kwaya yake ilialikwa kuimba sehemu mbalimbali za Johannesburg na hata Natal.

Nyimbo alizitunga mwenyewe, maneno na sauti, kwa ajili ya wanafunzi wake. Aliziandika kwa mkono katika daftari la shule, kwa noti za solfa, zile zile za do, re, mi ambazo wengi wetu tulifundishwa nazo. Nyingi zilikuwa za huzuni, kwa maana aliona mateso ya watu wake kila siku. Mwaka wa 1897, akiwa kijana wa miaka kama 24, alitunga ubeti mmoja na kiitikio kwa Kixhosa, akauita Nkosi Sikelel' iAfrika, yaani Bwana ibariki Afrika. Ulikuwa ni ombi. Mwaka wa 1899 wimbo huo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji Mwafrika wa Kimethodisti, Mchungaji Boweni.

Mwalimu Sontonga hakuishi kuona wimbo huo ukienda mbali. Tarehe 18 Aprili 1905 aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka kama 32 tu. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg. Alikuwa na nia ya kuchapisha nyimbo zake, lakini kifo kikamtangulia. Baada ya mazishi, walimu na wanakwaya walizidi kuja kwa mjane wake kuazima maandishi yale, mpaka yakapotea. Inasimuliwa pia kwamba Mama Diana aliuza haki za wimbo kwa peni sita tu. Alifariki mwaka wa 1929.

Lakini wimbo wenyewe haukupotea, kwa sababu kwaya ziliushika. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na Mchungaji John Dube, iliueneza. Tarehe 8 Januari 1912, chama kilichokuja kuitwa ANC kilipoanzishwa mjini Bloemfontein, uliimbwa baada ya maombi ya kufunga mkutano. Mwaka wa 1923 Sol Plaatje aliuimba na kuurekodi katika sahani ya santuri mjini London. Mwaka wa 1925 chama kiliufanya wimbo wake rasmi, na mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba. Katika miaka ya ubaguzi wa rangi, watu waliuimba kwenye mikutano na mazishini.

Kisha ukavuka mipaka. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961, sauti ile ilipewa maneno ya Kiswahili. Zambia nayo iliichukua mwaka wa 1964. Sisi Wakenya tulipata wimbo wetu wa taifa kutoka kwa bembelezo la akina mama wa Kipokomo, lakini ombi letu na la majirani ni moja. Hatimaye, mwaka wa 1994, wimbo wa Mwalimu Sontonga ukawa wimbo wa taifa wa Afrika Kusini yenyewe.

Hapo ndipo watu walipotaka kumheshimu, na hakuna aliyejua kaburi lake liko wapi. Lilitafutwa kwa muda mrefu kwa jina la Sontonga bila mafanikio, kumbe katika rejista alikuwa ameandikwa kwa jina la Enoch. Tarehe 24 Septemba 1996, kaburi hilo lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na Rais Nelson Mandela akazindua mnara juu yake. Ilikuwa imepita miaka 91 tangu azikwe.

Ndugu waimbaji, maisha haya yanatufundisha na pia yanatuonya. Yanatufundisha kwamba wimbo uliotungwa kwa watoto wa shule, na mwalimu wa mshahara mdogo, Mungu anaweza kuufanya ombi la bara zima. Yanatuonya kwamba kanisa linaweza kuimba wimbo huku likimsahau mwimbaji, mjane wake na daftari lake. Tukiwa katika furaha ya jubilii, tujiulize: daftari za nyimbo za kwaya yetu ziko kwa nani? Majina ya watunzi wetu yameandikwa wapi? Familia za walimu wetu waliolala, nani huzitembelea?

Tukirudi nyumbani baada ya sherehe, tuanze na hayo. Tuandike, tutunze, na tuwaheshimu walimu wetu wangali hai. Mungu awabariki nyote.