Koitalel arap Samoei na chuma cha reli

Kila nipitapo kwenye vibanda vya jua kali hapa Eldoret, mji ambao wenyeji huuita Sisibo, nikaona fundi akigeuza pipa kuukuu kuwa jiko, humkumbuka mtu ambaye wengi wetu twamjua kwa vita tu. Huyo ni Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi.

Baba yake, Kimnyole, aliuawa na Wanandi wenyewe mwaka 1890. Yasimuliwa kwamba kabla ya kufa alitabiri kuja kwa nyoka wa chuma, atemaye moshi na moto. Koitalel alishika uongozi mnamo 1895, na haukupita muda nyoka huyo akaonekana: reli ya Uganda, iliyofika Kisumu Desemba 1901.

Hapa namwomba msomaji atulie kidogo. Wanandi walichomoa bolti za reli na kukata nyaya za simu. Wahunzi wao, wengi wakiwa uzao wa Wamasai wa Uasin Gishu, walizitia bolti motoni wakazifua kuwa silaha. Waya nao ukawa mapambo ya shingoni na mikononi. Serikali ya kikoloni iliuona wizi mtupu, ikatuma majeshi mara kwa mara. Mimi naona pia jicho la fundi: chuma kilicholetwa kuitwaa nchi kikapewa kazi ya kuilinda. Koitalel mwenyewe hakuwa mhunzi. Yeye aliwapa watu wake moyo wa kutomwogopa yule nyoka.

Hata hivyo, mkuki haukuweza kushindana na bunduki ya mzinga. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na hapo akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen, ofisa wa Kiingereza. Zaidi ya Wanandi elfu moja waliuawa katika vita vilivyofuata, na maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa.

Fimbo zake tatu za uongozi zilirudishwa Kenya mwaka 2006, zikapokewa kwa heshima kubwa. Ni haki. Lakini wale wahunzi hawakuachiwa hata jina. Basi, ndugu msomaji, usikiapo nyundo ikilia Sisibo, usidhani ufundi huo ulianza jana, wala usimdharau aokotaye chuma chakavu.