Daktari wa jicho moja aliyeisaka saratani ya watoto kwa gari

Ukipanda matatu pale Nyakoe ukielekea Oyugis, kisha Homa Bay, utahisi unateremka. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Victoria mita 1,134. Kwako huo ni mteremko tu. Kwa Denis Burkitt, tofauti kama hiyo ndiyo iliyomfumbulia fumbo la saratani iliyokuwa ikiua watoto.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi Dublin, akaacha, akaingia udaktari. Alipoomba kazi Afrika Magharibi alikataliwa, kisa na maana jicho lile. Hakufa moyo. Mwaka 1946 aliajiriwa Uganda, akafanya kazi Lira, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto aliyevimba mataya pande zote. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, akamwona mwingine mwenye sura ileile. Mmoja ungesema ni bahati mbaya. Wawili je? Alirudi Mulago akafukua faili za wagonjwa, akakuta watoto wengi, wengine wamevimba taya, wengine tumbo. Kumbe ni ugonjwa mmoja!

Badala ya kuuliza tu ugonjwa ni upi, aliuliza uko wapi. Alituma maswali kwa hospitali nyingi za Afrika, akawa anaweka alama kwenye ramani. Mwaka 1961, yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakashika njia hadi Afrika Kusini. Wiki 10, zaidi ya kilomita 16,000, wakipita hospitali baada ya hospitali.

Ramani ikasema. Karibu na ikweta, uvimbe ule ulikuwa nadra sana ukipita mita 1,500. Ulipenda joto na mvua, yaani palepale mbu wanapozaliana. Lakini Unguja na Pemba, ambako joto na mvua vipo, ulikuwa adimu. Kwa nini? Huko malaria ilikuwa imepunguzwa.

Mwaka 1961 mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia London, akaomba vipande vya uvimbe huo. Mwaka 1964 yeye na wenzake wakagundua ndani yake kirusi kinachoenezwa kwa mate. Watu wengi duniani wanacho na hawana shida. Lakini mtoto akipigwa na malaria mara kwa mara, kinga yake huchoka, kirusi hupata nafasi, na seli za damu zinaweza kugeuka saratani.

Kuhusu tiba, Burkitt aliona kwamba kisu chake hakisaidii. Huwezi kumkata mtoto uso mzima. Basi akajaribu dawa za kuua seli za saratani, na kwa watoto wengine uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache. Wapo waliopona kabisa.

Wewe inakuhusu vipi? Ukiwa na mdogo wako, mpwa au mtoto wako mwenyewe, chandarua kinamkinga na zaidi ya homa. Tangu 2019, chanjo ya malaria ilipozinduliwa Homa Bay, kuna silaha nyingine katika sehemu zinazoipata, uliza kliniki. Na usijidanganye kwamba Kisii ni juu, mbu hawafiki. Malaria imewahi kulipuka hata huko milimani, tena watu wa milimani huugua vibaya kwa kuwa miili haijaizoea.

Ukiona taya la mtoto linavimba haraka, meno yanalegea au tumbo linajaa, usiishie kung'oa jino na kumpa dawa ya maumivu. Mpeleke hospitali kubwa upesi. Uvimbe huu hukua kasi mno, lakini ukiwahiwa unatibika.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akafariki mwaka 1993. Ugonjwa ule hadi leo unaitwa kwa jina lake, na watoto wa kandokando ya ziwa bado wanaupata.