Arkidiakoni Johnson wa Liuli

Tupitapo Liuli tukumbuke kwamba hapo ndipo alipozikwa Arkidiakoni William Percival Johnson. Alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akasoma Oxford, na alikuwa akielekea kazi ya serikali huko India. Akaiacha. Mwaka 1876 alikuja Afrika na UMCA. Mwaka 1882 alisafiri hadi Ziwa Nyasa pamoja na Padre Charles Janson, ambaye alifariki mara baada ya kuliona ziwa. Johnson hakurudi nyuma. Alitafuta fedha za meli. Ikashushwa majini mwaka 1885, ikaitwa Charles Janson.

Katika miaka hiyo hiyo aliugua macho: moja likapofuka, la pili likabaki hafifu. Angekwenda kwao kupumzika, nani angemlaumu? Lakini alichagua taabu yake: kuzungukia vijiji vya mwambao, kufundisha, na kuitafsiri Biblia nzima kwa Kinyanja kwa jicho lile hafifu. Alifariki Oktoba 1928.

Taabu hazimkosi mtu. Basi tujiulize sisi tulio hai: mzigo tuliojitwika unamfaa nani?