Caroline Norton, mama aliyeipigania haki ya kuwaona wanawe

HUKU kwetu Nchelenge habari za mzazi aliyepanda boti na mtoto akavuka Ziwa Mweru, mwenzake akabaki ufukweni Kashikishi hajui pa kuanzia, si ngeni masikioni mwetu. Ndiyo maana leo nakusimulia maisha ya mwanamke ambaye hakuwahi kuliona ziwa hili, lakini jasho lake limo katika hati ambazo mahakimu hutia sahihi wazazi wanapoachana.

Caroline alizaliwa London mwaka 1808, mjukuu wa mwandishi wa michezo ya kuigiza, Richard Brinsley Sheridan. Baba yake alifariki Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka 1817, na familia ikabaki na jina kubwa na mfuko mtupu. Mwaka 1827 akaolewa na George Norton, mwanasheria na mbunge. Walijaliwa watoto watatu, wote wa kiume: Fletcher, Brinsley na William. Mume alikuwa mtu wa kupiga. Fedha nyingi za nyumba zilitoka katika kalamu ya mke, aliyeandika mashairi na riwaya.

Mwaka 1836 George aliwachukua watoto wakati mama hayupo, kisha akawapeleka kwa dada yake Scotland. William hakuwa ametimiza hata miaka mitatu. Mwaka huohuo George alimfungulia kesi ya ugoni Waziri Mkuu, Lord Melbourne, akidai fidia ya pauni 10,000. Caroline hakuruhusiwa kusema neno mahakamani. Wazee wa baraza waliitupa kesi bila hata kutoka kwenda kushauriana.

Basi ungedhani mama aliyesafishwa jina angerudishiwa wanawe. La hasha. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule watoto walikuwa wa baba, na angeweza kuwaficha popote alipotaka. Mimi hapa hushangaa kidogo. Katika koo nyingi za ukanda wetu wa Luapula mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana sauti. Mwanamke mvuvi wa Mweru wa enzi hizo alikuwa na pa kushika kuliko bibi yule wa London.

Caroline aliandika vijitabu, akawapelekea wabunge. Mwanasheria na mbunge Thomas Talfourd akaufikisha muswada bungeni. Mwaka 1838 Baraza la Malodi liliukataa. Mwaka 1839 ukapita. Kwa mara ya kwanza mama aliyetengana na mumewe aliweza kuiomba mahakama apewe mtoto wa chini ya miaka saba, na aruhusiwe kuwatembelea wakubwa, mradi hajathibitika kuwa mzinzi.

Lakini sheria ile haikuvuka mpaka wa Scotland, na watoto walikuwa Scotland. Mwaka 1842 William, ambaye sasa alikuwa Yorkshire kwenye shamba la baba yake, alianguka kutoka juu ya farasi, jeraha likaharibika. Mama aliitwa. Alipofika alimkuta mwanawe yumo jenezani. Ni baada ya msiba huo George alipolegea na kuwaacha wawili waliobaki wakae na mama yao kwa zamu.

Wenzangu mnaovuka kwenda Pweto na unga na kurudi na samaki, na nanyi mliorudi Kongo kambi za Kala na Mwange zilipofungwa mwaka 2010, mpaka huo mnaujua. Zambia ilirithi sheria za Uingereza zilizokuwapo Agosti 1911, kisha ikatunga zake, ikiwemo ya ndoa ya mwaka 2007 na ya watoto ya mwaka 2022, zinazotanguliza maslahi ya mtoto. Wazazi wakikubaliana mtoto alale wapi, nani alipe karo, likizo aende kwa nani, mahakama huweza kuyapa makubaliano hayo nguvu ya amri. Ila amri hiyo haina nguvu yenyewe ng'ambo ya ziwa. Inabidi mahakama ya Kongo nayo iikubali. Kwa maoni yangu hilo lishughulikiwe mtoto angali upande huu, pamoja na tarehe ya kumrudisha iandikwe wazi. Boti ikishang'oa nanga, kila kitu huwa kigumu.

Caroline hakunyamaza. Mwaka 1855 alimwandikia Malkia Victoria barua ndefu kuhusu wake walioachwa bila chochote, miaka miwili kabla ya sheria mpya ya talaka. Fletcher alifia Paris mwaka 1859. George akafa mwaka 1875. Machi 1877 Caroline aliolewa na rafiki yake wa siku nyingi, Sir William Stirling-Maxwell, na Juni mwaka huohuo akafariki akiwa na miaka 69. Sheria iliyomruhusu mama kuomba mtoto hadi wa miaka 16 ilipitishwa mwaka 1873, na wakati huo Brinsley, mwanawe pekee aliyebaki, alikuwa amepita miaka 40.