Kiti cha Kwenye Korido

Jumapili tulipokuwa kwenye Waefeso 4, juu ya kuvua utu wa kale na kuvaa utu mpya, nilitaja jina la William Seymour kwa haraka na muda ukaniishia. Baada ya ibada washirika kadhaa walinisimamisha mlangoni wakitaka kujua huyo Seymour ni nani. Nilishtuka kidogo. Sisi Wapentekoste tunapenda sana habari za moto, lakini wengi hatumjui mtu aliyekuwa amepiga magoti pale moto ulipowaka. Basi leo nawapa hadithi yake, na mwishoni nitaongeza yangu kidogo, kwa sababu hii habari imenigusa mahali ambapo sikutaka kuguswa.

Seymour alizaliwa tarehe 2 Mei 1870 huko Centerville, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, Simon na Phillis, waliwahi kuwa watumwa. Utumwa ulikuwa umeisha kisheria miaka michache tu kabla ya kuzaliwa kwake, lakini kwa maisha ya kila siku bado mtu mweusi alikuwa anaambiwa yeye ni nani: hapa usikae, mlango huu si wako, subiri wengine wahudumiwe. Alipokuwa kijana alihamia miji ya kaskazini akafanya kazi ya kuhudumia watu mezani kwenye hoteli. Aliokoka, akaanza kusikia wito, halafu ndui ikampata. Akapona, lakini jicho moja likaharibika.

Mwishoni mwa mwaka 1905 na mwanzo wa 1906 alikuwa Houston, Texas. Mhubiri mmoja mzungu, Charles Parham, alikuwa amefungua shule ya Biblia huko, akifundisha kwamba kunena kwa lugha ni ishara ya kujazwa Roho Mtakatifu. Seymour akataka kusoma. Lakini weusi na wazungu hawakuruhusiwa kukaa darasa moja. Basi akawekwa kwenye korido, mlango ukaachwa wazi kidogo, asikilize kutoka huko nje.

Hebu tukae hapa kidogo. Mtu mzima wa miaka 35, tayari ni mhubiri, ameketi kwenye korido akisikiliza mafundisho juu ya Roho ambaye siku ya Pentekoste hakuuliza mtu anatoka kabila gani. Mimi ningeenda nyumbani, nasema ukweli. Kuna mkutano wa wachungaji nilienda nikapewa kiti cha nyuma kabisa, karibu na choo, na nikarudi nimevimba wiki nzima! Sisemi ule ubaguzi ulikuwa sawa. Ulikuwa dhambi, na waliouendesha walikuwa watu waliookoka kama yeye. Lakini ninavyoona mimi, Seymour alikaa kwa sababu swali la yeye ni nani lilikuwa limeshajibiwa mbele za Mungu. Korido ilimwambia wanadamu wamemweka wapi. Haikuwa na neno juu ya Kristo amemweka wapi.

Februari 1906 akaitwa Los Angeles kuhubiri katika kanisa dogo. Akahubiri Matendo 2, na alipokuja kwa ibada nyingine akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Huyo ni mgeni, hana pesa, na barua ya mwaliko ndiyo hiyo. Familia za washirika zikamchukua. Wakaanza kufunga na kuomba kwenye nyumba moja ya mtaa wa Bonnie Brae, na tarehe 9 Aprili Roho akashuka. Watu walijaa hadi kibaraza cha hiyo nyumba kikaporomoka. Seymour mwenyewe hakunena kwa lugha siku hiyo. Alipokea siku chache baadaye, wengine wakiwa wameshatangulia. Yaani mwalimu akasubiri nyuma ya wanafunzi wake.

Wakahamia jengo kuukuu, nambari 312 mtaa wa Azusa. Liliwahi kuwa kanisa, kisha chini likageuzwa kuwa zizi la farasi. Kodi ilikuwa dola 8 kwa mwezi. Viti vilikuwa mbao zilizolazwa juu ya mapipa ya misumari. Mimbari ilikuwa masanduku mawili ya viatu, yale makubwa ya mbao, moja juu ya lingine. Seymour alikuwa anakaa nyuma yake na mara nyingi anaingiza kichwa ndani ya sanduku la juu, anaomba, wakati ibada inaendelea. Sasa fikiria mchungaji wa siku hizi, na kamera zote zile, ameficha kichwa kwenye sanduku.

Ibada zilikuwa mara tatu kwa siku, kila siku, kwa karibu miaka mitatu. Weusi, wazungu, Wameksiko, tajiri na mfanyakazi wa nyumbani, wote wanashikana mikono madhabahuni, katika Marekani ya wakati ule. Wamisionari walitoka pale wakaenda Liberia, Afrika Kusini na kwingineko. Hata Wakanada waliofanya kazi ya Kipentekoste pale Nyang'ori, Magharibi mwa Kenya, miaka ya 1920, walikuwa wa mkondo huo huo.

Oktoba ile ile ya 1906, Parham akaja. Seymour alikuwa amemngoja kama mtoto anavyongoja baba. Parham akaona weusi na wazungu wamekumbatiana wakiomba, akachukizwa, akawakemea hadharani kwa maneno mabaya. Wazee wa Azusa wakamwomba aondoke. Akaenda kufungua mikutano yake karibu na hapo, na watu wengine wakamfuata.

Nafikiri hapo ndipo Seymour alijifunza jambo ambalo hakulisikia pale koridoni. Parham alinena kwa lugha. Mafundisho yake yalikuwa yamenyooka. Na bado hakuweza kumwita mtu mweusi ndugu. Kadiri miaka ilivyoenda Seymour akazidi kufundisha kwamba lugha peke yake hazitoshi kuwa ushahidi, ni lazima uangalie upendo, uangalie tunda la Roho. Someni Wagalatia 5 na 1 Wakorintho 13 mkiwa na huyu mtu akilini.

Mapigo yakaendelea. Alimwoa Jennie Moore mwaka 1908, na muda si mrefu baadaye gazeti la kanisa, lililokuwa likienda kwa maelfu ya wasomaji, likahamishiwa Portland pamoja na orodha ya anwani. Alisafiri kulifuata, hakulipata. Mwaka 1911 mhubiri mwingine mzungu akachukua mamia ya washirika. Mwaka 1915 Seymour akatoa kitabu cha kanuni kilichosema uongozi ushikwe na watu weusi, akieleza kwamba ni kwa ajili ya amani, si kwa ajili ya kubagua. Inauma kusoma hiyo. Nilitamani hadithi iishe bila huo ukurasa, lakini uko, na simlaumu. Alifariki tarehe 28 Septemba 1922, akiwa na miaka 52, akichunga kundi dogo tu.

Sasa yangu. Wengi mnajua nanena kwa lugha. Msichojua ni kwamba mimi na ndugu yangu mkubwa hatujasalimiana miaka miwili, kwa ajili ya mpaka wa shamba la marehemu mzee wetu. Ni hatua tatu, si zaidi. Nilipokuwa namsomea mama watoto habari za Parham, nikisema kwa sauti jinsi alivyokuwa na lugha bila upendo, aliniangalia tu akaendelea kuchambua mboga. Kumbe Roho ana njia nyingi za kusema.

Alhamisi nilimpigia. Hakushika. Nikapiga tena usiku, akashika, na tukaongea juu ya mvua. Jumamosi nitalala kwake, na mchungaji msaidizi ataongoza ibada ya Jumapili. Bado naamini zile hatua tatu ni zangu. Mniombee.