Lodi Delamere na cheo kisichogawanywa

Katika insha za historia ninazosahihisha hapa Kisumu kuna mtu mmoja asiyekufa. Jina lake ni Lodi Delamere. Anahamia nchini mwaka 1903, anapewa ardhi kule Njoro, anaketi katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1907, anashuhudia bendera ya Mwingereza ikishushwa mwaka 1963, na bado anatajwa magazetini mwaka 2024. Mwanafunzi mmoja alipiga hesabu akampa umri wa miaka 154. Hesabu ilikuwa sawa. Alichokosa ni mtu wa kumweleza kwamba Delamere ni jina la cheo, na kwamba cheo hicho kimekwisha kukaliwa na watu sita.

Jina la ukoo ni Cholmondeley, ambalo Waingereza, kwa sababu wanazozijua wenyewe, hulitamka Chamli. Mwaka 1821, Mfalme George wa Nne alipotawazwa, mbunge mmoja wa zamani aitwaye Thomas Cholmondeley alitunukiwa cheo cha Baroni Delamere wa Vale Royal, katika jimbo la Cheshire. Cheo kilikuja na kiti katika Bunge la Malodi. Kilikuja pia na sharti: kirithiwe na wanaume wa uzao wake, mkubwa akitangulia. Binti hahesabiwi. Mdogo naye husubiri, na aghalabu husubiri hadi kaburini.

Msomaji aliyelelewa kando ya Nam Lolwe ataona mara moja jinsi desturi hii inavyotofautiana na yetu. Kwa Wajaluo, ardhi ya mzee hugawanywa kwa nyumba za wake zake, kisha kwa wana wa kila nyumba. Naye kitinda mimba, chogo, ndiye hubaki katika boma la wazazi. Matokeo yake tunayaona Seme na Nyakach: shamba lililomtosha babu limekuwa vipande ambavyo mbuzi mmoja anaweza kuvimaliza kabla ya adhuhuri. Mwingereza wa tabaka la juu aliliona tatizo hilo zamani, akalitatua kwa ukatili wa namna yake. Alimpa kifungua mimba kila kitu, na hao wengine akawapeleka jeshini, kanisani au ng'ambo. Sehemu ya historia ya Kenya ni historia ya hao wengine.

Hugh Cholmondeley, Lodi wa tatu, hakuwa mmoja wao. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870, akiwa mrithi. Baba yake alipofariki mwaka 1887, kijana wa miaka 17 akawa baroni na mwenye Vale Royal. Huyu hakufukuzwa na njaa. Alikuja Afrika kwa kupenda, kwanza Somalia mwaka 1891, kuwinda simba. Simba mmoja naye alimwinda, mwaka 1894, akamwachia mguu uliomfanya achechemee hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 1896 aliondoka tena pwani ya Somalia na msafara wa ngamia, akapita Uhabeshi, na mwaka 1897 akatokea katika nyanda za Laikipia. Baada ya majangwa yale, nchi ya baridi yenye majani mabichi ilimteka moyo.

Hapa ndipo mji wetu unapoingia. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence. Wanafunzi wengi huandika kwamba bandari ile ilipewa jina la mke wa Delamere, Lady Florence Cole, aliyemwoa mwaka 1899. La. Ilipewa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Lakini reli yenyewe ilimhusu Delamere sana. Iligharimu mamilioni ya pauni, na baina ya pwani na ziwa hapakuwa na mizigo ya kutosha kuilipia. Mwezi Aprili 1902 mpaka ukasogezwa: Kisumu, Naivasha na nchi yote iliyo baina yao, iliyokuwa upande wa Uganda, ikaingizwa katika himaya ya Afrika Mashariki. Kamishna Charles Eliot akaanza kuwaita walowezi waje walime kando ya njia ya reli. Mwaka uliofuata Delamere alipewa ekari 100,000 kule Njoro, kwa mkataba wa miaka 99. Treni ya Kisumu ilipita huko huko.

Kama mkulima alishindwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kondoo wake walikufa Njoro kwa kuwa malisho yale yalipungukiwa na madini. Ng'ombe walimalizwa na maradhi. Ngano ilishikwa na kutu. Aliweka rehani urithi wake wa Uingereza, akagharimia utafiti wa mbegu za ngano zinazostahimili kutu, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga, ambayo jina lake halihitaji tafsiri katika jiko lolote la Kenya. Ushupavu huo siwezi kumnyima. Baadaye alihamia Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, katika nchi waliyolisha Wamaasai kabla ya mkataba wa 1904 uliowahamisha kutoka Bonde la Ufa. Alikisema Kimaasai na alipenda kuketi na wachungaji wao. Mtu anaweza kuwapenda watu na papo hapo kukalia ardhi yao; walimu wasione haya kuliambia darasa hivyo.

Kwa watu wa Nyanza, Delamere hakuwa jirani bali sauti iliyotoka mbali. Mashamba makubwa yalihitaji mikono, nayo mikono mingi ilikuwa huku kwetu. Mbele ya tume ya kazi ya 1912 na 1913 alishauri kwamba maeneo ya Waafrika yapunguzwe, ili wenye ardhi ya kutosha kujilisha wasiweze kukataa ajira. Huyo ni mtu aliyerithi mashamba akiwa na miaka 17, akieleza jinsi ya kuhakikisha kwamba wengine hawarithi ya kuwatosha. Sheria ya ardhi ya 1915 ikawapa walowezi mikataba ya miaka 999. Mwafrika aliongezewa kodi na kipande. Desemba 1921, watu walipokusanyika Lundha, Gem, katika mkutano uliozaa Piny Owacho, manung'uniko yao yalikuwa hayo: kodi, kipande, kazi za kulazimishwa, na nchi kugeuzwa koloni mwaka 1920 bila wao kuulizwa.

Wahindi wa Kisumu nao walikuwa na kesi yao. Waliruhusiwa kulima bondeni, kule Kibos, lakini nyanda za juu zilifungwa kwa Wazungu pekee, na Delamere alikuwa mlinzi mkuu wa lango hilo. Serikali ya London ilipoelekea kuwapa Wahindi haki ya kura, walowezi walipanga hata kumteka gavana. Delamere aliongoza ujumbe kwenda London mwaka 1923. Waliyoyapata ni tangazo la Devonshire, lililosema masilahi ya Waafrika yatangulie ya wageni wote. Tangazo tamu kulisoma, ingawa nyanda za juu zilibaki zilivyokuwa.

Alifariki tarehe 13 Novemba 1931, akiwa na miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha madeni makubwa, sanamu iliyokuja kusimamishwa Nairobi katika barabara iliyoitwa kwa jina lake, na mwana mmoja, Thomas. Barabara ile sasa ni Kenyatta Avenue, na sanamu iliondolewa baada ya uhuru. Cheo hakikuondolewa na mtu, kwa kuwa serikali ya Kenya haikukitoa. Thomas akawa wa nne hadi 1979. Hugh, mwanawe, akawa wa tano. Mwana wa pekee wa huyu wa tano, aliyetiwa hatiani mwaka 2009 kwa kumuua mtu bila kukusudia katika shamba la Soysambu, alifariki mwaka 2016, baba yake angali hai. Kwa hiyo mzee alipofariki mwaka 2024, cheo kiliruka kizazi kikamwangukia mjukuu. Kiti cha Bungeni hakimo tena katika urithi huo: sheria ya 1999 iliwaondoa wengi wa malodi wa kurithi katika Bunge la Malodi. Kilichobaki chenye uzito ni shamba, takriban ekari 48,000.

Na wala si wao pekee. Ndugu zake Lady Florence, Galbraith na Berkeley Cole, walikuwa wana wa Lodi wa Enniskillen ambao hawakuzaliwa wa kwanza, ndiyo maana tukawapata Kenya. Galbraith alifukuzwa nchini mwaka 1911 baada ya kumuua Mwafrika kwa risasi. Lakini upande wa kaka yao mkubwa mrithi alikufa kabla ya baba, na mwaka 1963, mwaka wetu wa uhuru, cheo cha Enniskillen kikamwangukia mwana wa Galbraith. Lodi wa Erroll alipouawa karibu na Nairobi mwezi Januari 1941, vyeo vyake viligawanyika: kimoja, kilichomruhusu mwanamke, kilikwenda kwa binti yake, cha Kilmarnock, kisichomruhusu, kikaenda kwa ndugu yake wa kiume. Binti yule yule, baba yule yule, karatasi mbili tofauti.

Wanafunzi wangu humfahamu zaidi Maurice Egerton, Lodi wa nne wa Egerton wa Tatton, jirani wa Delamere kule Njoro. Huyu hakuoa wala hakupata mtoto, na alipofariki mwaka 1958 cheo chake kilikoma. Shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu ilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987, na wana na mabinti wa Ahero, Maseno na Kendu Bay huomba nafasi humo, bila kuulizwa nani alizaliwa wa kwanza.